Amani: mlima uliosomesha mihogo, ndege na utani

Mwaka 2027 kituo cha utafiti cha Amani, kilichoko kwenye milima ya Usambara Mashariki wilayani Muheza, mkoa wa Tanga, kitatimiza miaka 125. Ukiwauliza Watanzania Amani ni nini, watu wa afya watakutajia malaria, na watu wa mazingira watakutajia msitu. Wote wamesema kweli, lakini kweli yao ni nusu. Kilichoifanya Amani iwe Amani ni kwamba kwa karibu nusu karne wasomi wa fani zisizojuana waliishi pale kama majirani: wa udongo na wa virusi, wa miti na wa ndege. Mlima ule ulizaa mambo ambayo hakuna fani moja kati yao ingeyazaa peke yake, na inauma kuona tunavyoisahau habari hiyo.

Mwanzo wake unafahamika. Wajerumani walianzisha kituo mwaka 1902, mkurugenzi wa kwanza akiwa Franz Stuhlmann, msomi wa elimu ya wanyama aliyekuwa amegeuka mtawala. Walitaka mazao ya kuuza, kwa hiyo wakaleta mbegu kutoka kila pembe ya dunia ya joto: kahawa, mkwinini, viungo, miti ya mbao na miti ya mpira. Bustani ya mimea waliyoiacha ina ukubwa wa hekta 300 hivi. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipozuka na meli za Uingereza zikaifunga bahari, Amani ikageuka kiwanda. Kutokana na mimea ya mlimani palepale wataalamu wakatengeneza kwinini kwa ajili ya askari wa kamanda wa Kijerumani Lettow-Vorbeck, pamoja na sabuni, mishumaa, dawa ya meno, chokoleti na hata wiski. Mwaka 1916 Waingereza wakauteka mlima.

Wakauteka, wakauacha. Tume ya Ormsby-Gore, iliyozunguka Afrika Mashariki mwaka 1924 na kutoa ripoti mwaka uliofuata, ilisikitishwa na kituo kilichokuwa kimetelekezwa, ikataka kifufuliwe kwa faida ya makoloni yote ya eneo hili. Kikafunguliwa upya mwaka 1927 chini ya William Nowell, na hapo ndipo miaka yake mizuri ilipoanza.

Geoffrey Milne, mkemia wa udongo, alisafiri Tanganyika akichimba mashimo kutoka juu ya vilima hadi bondeni. Aligundua kwamba udongo wa kileleni, wa mteremkoni na wa mbugani una uhusiano kama pete za mnyororo mmoja, na kwamba mpangilio uleule hujirudia kilima baada ya kilima. Wazo hilo, alilolitangaza katikati ya miaka ya 1930, linafundishwa hadi leo popote duniani panapofundishwa elimu ya udongo. Jirani yake, Peter Greenway, alikusanya na kukausha mimea, na mwaka 1937 akatoa kamusi ya majina ya mimea kwa Kiswahili. Kamusi hiyo ingefaa ichapishwe upya leo, maana wazee wanaojua majina hayo wanapungua kila mwaka.

Halafu kuna muhogo, na hapa mkulima yeyote atanielewa. Ugonjwa wa batobato ulikuwa ukimaliza mashamba. H. H. Storey, mtaalamu wa virusi, pamoja na mwenzake Nichols, walianza kutafuta mbegu itakayostahimili. Jibu lilitoka kwenye mti ambao Wajerumani waliupanda kwa ajili ya mpira, na ambao bei yake ilikuwa imeporomoka mwaka 1913, mpira wa mashamba ya Asia ulipofurika sokoni. Mti huo wa mpira, wenye asili ya Brazil, ni ndugu wa muhogo. Walizichanganya mbegu za ndugu hao wawili, wakarudisha uzao kwenye muhogo kizazi baada ya kizazi, na kazi ikaendelea mikononi mwa D. L. Jennings katika miaka ya 1950. Uzao wa Amani ulipelekwa Nigeria, ukawa msingi wa mbegu kinzani zilizosambazwa Afrika. Batobato kali ilipoikumba Uganda katika miaka ya 1990 na watu wakalala njaa, mbegu zilizowaokoa zilikuwa na damu ya mlima wa Amani. Zao lililowatia wenye mashamba ya mpira hasara ndilo lililookoa chakula cha maskini. Huyohuyo Storey ndiye aliyeueleza kwa mara ya kwanza, mwaka 1936, ugonjwa wa michirizi ya kahawia unaowasumbua wakulima wetu wa muhogo hadi leo.

Lakini mtu anayenivuta kuliko wote hakuwa na shahada ya sayansi. Reginald Moreau alikuwa mkaguzi wa hesabu. Alikwenda Misri mwaka 1920 kukagua vitabu vya jeshi la Uingereza, kwa sababu ugonjwa wa viungo haukumruhusu kukaa kwenye baridi ya kwao, na huko jangwani akaanza kutazama ndege. Mwaka 1928 akaletwa Amani kushika kazi za ukatibu na maktaba. Kazi ya ndege haikuwamo katika mkataba wake. Aliifanya kwa mapenzi, yeye na mkewe Winifred, kwa saa walizozipata.

Wala hakuifanya peke yake. Msituni alimtegemea Salimu Asmani, Mwafrika aliyemkusanyia ndege kwa miaka mingi na kuijua milima ile kuliko mzungu yeyote. Kwenye viota, vijana wa Kiafrika waliojua kusoma na kuandika walikaa kutwa wakitazama na kuandika kila mara ndege alipoingia na alipotoka. Kutokana na subira hiyo na kumbukumbu nyingine kutoka barani, Moreau aliandika mwaka 1944 makala ndefu kuhusu idadi ya mayai. Alionyesha kwamba ndege wa nchi za joto hutaga mayai machache kuliko wenzao wa nchi za baridi, na swali la kwa nini iwe hivyo likawashughulisha wanabiolojia kwa miongo. David Lack, aliyekuja kuwa bingwa wa fani hiyo Uingereza, alimtembelea Amani mwaka 1934 akiwa bado kijana.

Sasa sikiliza jambo ambalo wataalamu wa ndege hulipita haraka. Mwaka 1941, katika jarida la *Tanganyika Notes and Records*, mtu huyuhuyu alichapisha makala kuhusu utani. Mlimani kulikuwa na watu wa makabila mengi, na Moreau aliona jambo ambalo kwetu ni la kila siku: watu wa makabila mawili hutukanana hadharani bila kugombana, huchukuliana vitu bila kuulizana, na msiba ukitokea mtani ndiye anayekuwa wa kwanza kuhudumia. Akaanza kuuliza nani ni mtani wa nani na utani wao ulianzia wapi, akapanga majibu kabila kwa kabila kwa uangalifu uleule aliopangia mayai. Mwaka 1944, mwaka uleule wa mayai, akatoa makala ya pili katika jarida la *Africa* la London, wakati wanaanthropolojia wakubwa kama Radcliffe-Brown walikuwa wakibishana juu ya maana ya mambo hayo. Mkaguzi wa hesabu aliyejifunza ndege akaingia kwenye mjadala wa jamii, na hadi leo anayeandika juu ya utani wa Tanzania humkuta njiani.

Mimi sioni ajabu. Aliyezoea kukaa kimya na kutazama kiota ana silaha ya kutazama watu pia, mradi awe na wanaokubali kumweleza. Na pale Amani, mwenye swali la udongo alikunywa chai na mwenye swali la virusi, na maktaba ilikuwa moja.

Hilo ndilo lililovunjwa. Baada ya Vita ya Pili, utafiti wa kilimo wa Afrika Mashariki ulihamishiwa Muguga, Kenya, na mkusanyo wa mimea iliyokaushwa ukapelekwa Nairobi mwaka 1950. Kwenye ramani za watawala uamuzi huo ulikuwa na mantiki. Kwa Tanganyika ulikuwa hasara, na sijaona bado aliyeihesabu. Majengo yakapewa watu wa malaria chini ya Bagster Wilson, nao wakafanya kazi kubwa, ikiwemo jaribio la Pare na Taveta la kupulizia dawa majumbani katika miaka ya 1950. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ikaunda Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, kwa sheria ya mwaka 1979, na Amani ikawa chini yake. Vijiji vya Muheza vikasaidia kuthibitisha nguvu ya vyandarua vyenye dawa. Msitu ulitangazwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997, na kazi nyingi za maabara siku hizi ziko Muheza mjini.

Wapo wanaosema maabara iwe karibu na barabara na hospitali, nami siwapingi. Ninachodai ni kwamba mlima usiachwe kuwa majengo ya kupigia picha. Katika hifadhi ile leo kuna mti wa Maesopsis, ambao Waganda huuita musizi. Uliletwa kwa majaribio, ukatoroka mashambani na kuuvamia msitu wa asili. Kuudhibiti kunahitaji mtu wa miti, mtu wa udongo, na mtu wa ndege pia, kwa kuwa ndege hula matunda yake na kusambaza mbegu. Watatu hao walikuwa majirani pale zamani, na nyumba walizoishi bado zipo.

Tena kuna deni la majina. Chozi mmoja wa milima yetu na shoro mmoja wa Usambara wanaitwa kwa jina la Moreau katika vitabu vya sayansi, na ndege mwingine wa Uluguru anaitwa kwa jina la Winifred. Jina la Salimu Asmani linajulikana kwa wachache tu wanaosoma historia ya elimu ya ndege. Watoto wa shule za Muheza wangepaswa kulijua kabla ya yale mawili.