Uhifadhi au Upangishaji? Jina la Kazi ya Seva

Wapenzi wa teknolojia wa Mwanza wakikutana, mazungumzo huanzia kwenye vifaa. Watabishana kuhusu maikrofoni inayofaa kurekodia karibu na ziwa, ambako upepo wa jioni huingia katika kila sauti. Kuhusu kompyuta ya mtumba yenye nguvu ya kutosha kuhariria. Na kuhusu yupiesi itakayoiokoa kazi umeme ukikatika. Mmoja akitangaza kwamba ana tovuti au podikasti mpya, wenzake humuuliza: "Umehosti wapi?" Kila mtu pale anaelewa. Ugumu hujitokeza siku neno hilo linapotakiwa kuandikwa kwenye mkataba, ankara, andiko la mradi au somo la darasani. Huyu huandika uhifadhi wa tovuti, yule ukaribishaji, mwingine upangishaji. Maneno hayo matatu hayalingani. Kila moja linamwahidi mteja jambo lake, na anayeielewa vibaya ahadi hiyo anaweza kupoteza kazi ya miaka mingi.

Kitu kinachotafutiwa jina

Tovuti ni mkusanyiko wa mafaili: maandishi, picha, sauti, na maelekezo ya namna ya kuvionyesha kwenye kioo cha msomaji. Ili msomaji wa Sengerema avione saa nane usiku, mafaili hayo lazima yawe kwenye kompyuta iliyowashwa saa hiyo, iliyounganishwa na intaneti, yenye programu ya kupokea maombi na kuyajibu. Kompyuta hiyo ndiyo seva. Seva ya kwanza ya wavuti ilikuwa mashine ya NeXT ya Tim Berners-Lee katika kituo cha utafiti cha CERN, Uswisi, mwishoni mwa 1990, nayo ilibandikwa karatasi ya kuwaonya watu wasiizime. Onyo lile bado ndilo kiini cha kazi hii: seva ikizimwa, tovuti haipo.

Mtu wa Nyegezi anaweza kuigeuza kompyuta ya nyumbani kwake kuwa seva, na kwa mwenye kiu ya kujifunza hilo ni zoezi zuri sana. Lakini umeme ukikatika, tovuti inaondoka nao. Modemu ya laini ya simu mara nyingi humpa anwani ya intaneti inayobadilika, au anayoitumia pamoja na wateja wengine, hivyo walio nje hawana njia ya kumfikia. Ndiyo maana watu hulipia nafasi kwenye seva za wengine. Kitendo tunachokitafutia jina, basi, ni hiki: kumpa mtu, kwa malipo ya kipindi maalumu, nafasi kwenye seva pamoja na umeme, muunganisho na uangalizi wake, ili mafaili yake yafikiwe na umma.

Maneno yanayoshindana

Kuhosti lipo midomoni mwa watu na halina kosa la kisarufi. Kiswahili kimekopa seva, intaneti na programu bila kupungukiwa na kitu. Udhaifu wake ni kwamba halimwelezi lolote asiyelijua tayari. Mwalimu mkuu wa Ukerewe anayetaka shule yake iwe na tovuti, akiambiwa atahosti, hajui kama atanunua, ataazima au atakodi.

Ukaribishaji umefuata picha ya mwenyeji na mgeni. Kwa Waswahili picha hiyo ina adabu zake: mgeni hupewa chakula na malazi kwa heshima, wala haandikiwi ankara ya kila mwaka. Neno linaficha fedha, na fedha ndiyo inayoamua tovuti ibaki hewani au ishuke.

Uhifadhi ndilo linaloonekana zaidi katika maandishi, na ndilo linalonipa wasiwasi zaidi. Wakazi wa Mwanza wanaiona hifadhi kwa macho yao. Kisiwa cha Saanane, hatua chache majini kutoka Capri Point, kilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013, na kinachoishi humo kina mlinzi mwenye wajibu wa kisheria. Tunamwomba Mungu amhifadhi msafiri tukiwa na maana hiyohiyo: asipatwe na baya. Mteja anayesoma "uhifadhi wa tovuti" ana haki ya kuelewa kwamba mtoa huduma ameahidi kuilinda tovuti isipotee. Mara nyingi ahadi hiyo haimo kabisa kwenye mkataba.

Matokeo yake yameonekana kwingineko. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 2021, moto uliteketeza jengo la seva la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Tovuti nyingi zilitoweka hewani na baadhi ya wateja walipoteza data zao moja kwa moja. Wapo waliokuwa wamelipia nakala rudufu, wakaja kugundua kwamba nakala hizo ziliwekwa palepale palipoungua; mwaka 2023 mahakama ya biashara ya Lille iliamuru walipwe fidia. Mwaka 2019 mtandao wa Myspace nao ulikiri kupoteza muziki ambao watu walikuwa wameupakia kwa takriban miaka 12, baada ya kazi ya kuhamisha seva. Wanamuziki wale waliamini kwamba kilicho hewani kiko salama.

Tofauti hii, kati ya kuwa hadharani na kuwa salama, Kanda ya Ziwa ina mfano wake mkubwa. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza kuandika kwa Kikerewe riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka mwaka 1945. Tafsiri ya Kiswahili, aliyoifanya mwenyewe, ilichapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, na mwandishi alifariki mwaka uliofuata. Kwa miaka 35 kazi ile ilihifadhiwa bila kuwafikia wasomaji. Anayelipia seva leo yuko upande wa pili: kazi yake inawafikia wasomaji dakika ileile, lakini hakuna aliyeihifadhi. Lugha inayoyaita mambo haya mawili kwa jina moja inamnyima mtu nafasi ya kuuliza lile analolikosa.

Kwa nini upangishaji

Upangishaji unasema ukweli wa biashara yenyewe. Aliyewahi kupanga chumba Mabatini au Buzuruga anaujua mkataba huu bila kufundishwa. Unalipa kwa kipindi. Kodi ikiisha, unaongeza au unatoka. Mwenye nyumba ana wajibu wa paa na mlango, lakini vitu vya ndani ni vyako na usalama wake unaushughulikia wewe.

Neno hili pia limekuja na ukoo wake wote: kupanga, mpangaji, pango, kupangisha, mpangishaji, upangishaji. Istilahi inayozaa hivi humpunguzia kazi mwandishi wa mkataba. Hata aina za huduma zinajipanga humo vizuri. Upangishaji wa pamoja ni seva moja yenye tovuti nyingi, kama nyumba ya wapangaji wengi: bei ni nafuu, lakini jirani akipata wageni kupita kiasi, wewe nawe unabanwa. Seva pepe ni sehemu ya mashine iliyotengwa kwa programu, kila mteja akiwa na mlango na mita yake. Seva binafsi ni nyumba nzima. Na yupo anayepeleka kompyuta yake mwenyewe kwenye jengo la data, akalipia nafasi, umeme, ubaridi na ulinzi.

Pingamizi ninalolisikia ni kwamba kupanga ni pia kuweka vitu kwa utaratibu, na kwamba mpangaji anaweza kudhaniwa kuwa mtu wa mipango. Ni kweli kwa mpangaji, ndiyo maana kwenye mikataba napendekeza mteja. Lakini kinyambuishi -ish- kinaondoa utata kwenye neno lenyewe. Anayesema amepangisha haeleweki kuwa amenyoosha vitabu kabatini.

Hata hivyo, data zina tabia ambazo vyombo vya nyumbani havina. Mpangaji wa chumba akihama, chumba kinabaki kitupu. Mteja wa seva akihama, nakala ya mafaili yake inaweza kubaki. Aliyepangisha seva pia ana uwezo wa kuingia ndani bila kubisha hodi. Hapa sheria inasaidia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtenganisha mkusanyaji wa taarifa na mchakataji anayezishughulikia kwa niaba yake, na inaweka masharti kwa taarifa zinazosafirishwa nje ya nchi. Shule inayoweka majina ya wanafunzi kwenye seva ya kukodi ina wajibu ambao hauishii kwenye risiti ya pango.

Umepanga wapi?

Ukilikubali neno hili, swali la mahali linakuja lenyewe. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu kwa pamoja, na intaneti ikadorora Tanzania na nchi jirani. Msomaji wa Mwanza anayefungua tovuti iliyopangishwa Ulaya hutuma ombi lake kupitia nyaya za nchi kavu hadi pwani, zaidi ya kilomita 1,000, kisha baharini. Tovuti iliyopangishwa ndani ya nchi haina sababu ya kuvuka bahari, ikiwa kampuni za mawasiliano zinabadilishana data humuhumu nchini, kama zinavyofanya katika kituo cha TIX cha Dar es Salaam. Hiyo haimaanishi kwamba kila tovuti irudi nyumbani. Mwenye wasomaji wengi London ana sababu nzuri za kupanga huko. Muhimu ni ajue alipo.

Kikoa ni jambo jingine tena. Kikoa ni jina, kama vile majina yanayoishia na .co.tz, .or.tz au .ac.tz, yaliyo chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Mtu anaweza kulipia jina bila kuwa na seva, au kuhama seva huku jina likibaki lilelile. Wauzaji wengi huviweka vyote viwili kwenye ankara moja, na mteja hudhani amenunua kitu kimoja. Ni vizuri jina lisajiliwe kwa mteja mwenyewe, ili siku akihama asiliache nyuma.

Podikasti na hesabu zake

Neno podcast liliandikwa na Ben Hammersley katika gazeti la Guardian mwezi Februari 2004, kwa kuunga jina la iPod na neno la Kiingereza la utangazaji. Kiswahili kimelipokea kama podikasti, na Mwanza, jiji la Radio Free Africa na la chuo kinachosomesha wanahabari pale Malimbe, ina kila sababu ya kulifanyia kazi.

Podikasti ina sehemu mbili: mafaili ya sauti, na mlisho, yaani faili fupi la maandishi linalotaja kila kipindi na mahali sauti yake ilipo. Apple Podcasts husoma mlisho na kuielekeza simu ya msikilizaji kwenye seva. Sauti zenyewe haziwi kwake. Mwenye kipindi anayesema "iko Apple" amelitaja duka, na bohari iko kwingine. Pango la bohari lisipolipwa, kipindi kinakatika kila mahali kwa siku moja.

Tena mpangishaji hupima mambo mawili. Kipindi cha dakika 30 kwa kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde huchukua takriban megabaiti 29 za nafasi. Wasikilizaji 1,000 wakikipakua, seva imetoa takriban gigabaiti 29. Mazungumzo ya kawaida yakirekodiwa kwa chaneli moja na kilobiti 64, hesabu yote hupungua nusu, na bando la msikilizaji wa Nansio hupumua.

Nakala rudufu ibaki na jina lake

Hifadhi ikiondolewa kwenye kazi ya seva, inabaki huru kwa kazi inayoistahili: kutunza nakala ya pili mahali pengine. Wapo waliopendekeza nakala hiyo iitwe chelezo. Kwa Mwanza neno hilo tayari lina mwenyewe. Katika bandari ya Mwanza Kusini, chelezo ni mahali meli inapoundwa na kushushwa majini, na ujenzi wa MV Mwanza umelifanya neno hilo lijulikane jiji zima. Nakala rudufu linaeleweka na halimchanganyi fundi wa meli na fundi wa kompyuta.

Pendekezo langu ni hili: kuhosti liendelee kwenye mazungumzo, upangishaji liandikwe kwenye mikataba, vitabu na madarasa, hifadhi na nakala rudufu zitajwe pale tu zilipo kweli. Mkataba wa Kiswahili unaweza kusema hivi bila kuazima hata sentensi moja: "Mpangishaji atampa mteja gigabaiti 10 za nafasi kwenye seva iliyopo Dar es Salaam, na ataiweka hewani kwa asilimia 99.9 ya mwaka, yaani isizimike zaidi ya saa 8 na dakika 45. Mteja atalipa pango kila mwaka. Nakala rudufu itachukuliwa kila siku na kuhifadhiwa katika jengo jingine. Mkataba ukiisha, mteja atakabidhiwa mafaili yake ndani ya siku 30, kisha mpangishaji atayafuta." Mwalimu mkuu wa Ukerewe atausoma, atauelewa, na akiona sentensi ya nakala rudufu haimo, atajua la kudai kabla hajatia saini.