Kafi, Kana na Gurudumu: Habari za Usukani katika Ziwa Letu

Mtu akisimama asubuhi ufukoni Kalundu, hapo Uvira, huona vyombo vya namna nyingi. Yuko mvuvi peke yake katika mtumbwi mdogo, na kafi lake mkononi. Uko mtumbwi mkubwa wa mbao wenye mota nyuma. Tena zipo meli, ambazo mwenye kuziongoza hakai nyuma hata kidogo, bali amesimama juu katika chumba chenye vioo, ameshika gurudumu. Watu hawa wote watatu wanafanya kazi moja, yaani kuelekeza chombo, lakini kila mmoja ana njia yake. Leo na tutazame njia hizo zilivyopatikana, na kwa nini ile ya kale kabisa haikufukuzwa na zile za baadaye.

Tuanze na kafi. Mwaka 1858 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walifika Ujiji wakitafuta chanzo cha mto Nili. Wakasikia kwamba kaskazini ya ziwa uko mto Rusizi, wakataka kujua kama mto huo unatoka ziwani au unaingia. Kwa safari hiyo walitamani sana chombo cha tanga. Wakati ule mfanyabiashara mmoja Mwarabu, Sheikh Hamed bin Sulayim, alikuwa na dau huko Kasenge, kisiwa cha upande wa magharibi. Mwezi wa Machi Speke akavuka ziwa kwenda kuliomba. Hakulipata, akarudi Ujiji mikono mitupu.

Basi ikawa lazima kwenda kwa mitumbwi. Ule mkubwa ulikuwa na urefu wa zaidi ya futi 60, lakini upana wake ulikuwa futi 4 tu. Ulisukumwa kwa nguvu za wapiga makafi. Tarehe 26 Aprili 1858 wasafiri wakafika Uvira. Hapo wana watatu wa mtawala Maruta wakawaambia kwamba Rusizi unaingia ziwani, hautoki. Wenye mitumbwi wakakataa kuendelea mbele, na safari ikaishia hapo. Ilipita miaka 13. Ndipo mwezi wa Novemba 1871 Livingstone na Stanley, nao kwa mtumbwi wa makafi, wakafika penye mlango wa Rusizi na kuona kwa macho yao kwamba wana wa Maruta walisema kweli.

Labda utauliza: kwa nini mitumbwi ile mirefu haikuwa na usukani? Je, ni kwa kukosa akili? Sivyo. Usukani ni ubao tu uliosimama majini. Hauna nguvu yake wenyewe. Nguvu yake ni maji yanayopita na kuupiga. Chombo kikienda, usukani hufanya kazi. Chombo kikisimama, usukani umekufa. Kafi si hivyo. Mtu aliyeketi nyuma na kafi aweza kuyavuta maji au kuyasukuma, kulia au kushoto, hata mtumbwi ukiwa umesimama kabisa. Tena mtumbwi wa siku zile ulikwenda karibu na ufuko na kuvutwa mchangani mara kwa mara. Ubao wa kuning'inia nyuma ungegonga mawe na kuvunjika. Kwa chombo chembamba chenye watu wengi wa kupiga makafi, msaidizi bora wa nyuma ni kafi lenyewe.

Lakini tanga lina taabu yake. Upepo ukilijaza tanga kutoka ubavuni, chombo hutaka kugeuka, wala hakiachi kutaka saa zote. Mkono wa mtu hauwezi kushindana na jambo hilo kwa kafi kutwa nzima. Kwa hiyo wenye matanga walihitaji ubao mkubwa uliofungwa nyuma ya chombo, na mti wa kuushikia, ambao watu wa pwani huuita kana. Ujuzi huo Waarabu na Waswahili walikuja nao katika njia ya misafara mpaka Ujiji, na dau la Kasenge ni ushuhuda wake.

Ujuzi wenyewe ni wa kale sana. Huko China, katika kaburi la mji wa Guangzhou, ulionekana mfano wa chombo uliofinyangwa kwa udongo yapata karne ya kwanza, na nyuma yake una usukani. Mataifa ya bahari ya Kati walitumia desturi nyingine: makafi mawili makubwa, moja kila upande wa nyuma. Ukisoma Matendo ya Mitume, sura ya 27, utaona kwamba mabaharia wa meli ya Mtakatifu Paulo walizilegeza kamba za sukani, si za usukani mmoja. Sasa sababu yake unaijua. Mwaka 985 mwandishi Mwarabu al-Muqaddasi alieleza jinsi meli za bahari ya Shamu zilivyoelekezwa kwa kamba mbili za kuvuta. Na huko Ulaya, mifano ya kwanza ya usukani wa nyuma imechongwa yapata mwaka 1180 juu ya mawe ya kubatizia: jiwe moja liko Zedelgem katika Ubelgiji, jingine katika kanisa kuu la Winchester, Uingereza, nalo lilitoka Tournai, katika Ubelgiji hiyo hiyo.

Kana ina tabia moja inayomchanganya mwanafunzi: huenda kinyume. Ukitaka chombo kiende kulia, uisukume kana kushoto. Meli zilipozidi kuwa kubwa, kana pia ilizidi kuwa nzito, hata katika dhoruba watu kadhaa hawakuiweza. Ndipo mwanzoni mwa karne ya 18 meli za vita za Uingereza zikaanza kutumia gurudumu. Kamba ilizungushwa penye pipa dogo la gurudumu, ikapitishwa katika kapi, ikafungwa kwenye kana. Mtu mmoja akizungusha gurudumu aliivuta kana kwa nguvu za watu wengi, na meli ikageuka upande ule ule wa gurudumu.

Kifaa kilibadilika, lakini maneno hayakubadilika upesi. Manahodha waliendelea kutoa amri kama kwamba kana bado iko mkononi. Usiku ule wa mwaka 1912 Titanic ilipoona mlima wa barafu, amri iliyotolewa ilitaja upande wa kulia, na maana yake ilikuwa meli igeuke kushoto. Mshika gurudumu alielewa vizuri, maana ndivyo alivyofundishwa. Waingereza walibadili desturi hiyo mwaka 1933.

Katika ziwa letu, meli kubwa iliyojulikana kuliko zote ni ile ambayo Wajerumani waliishusha majini Kigoma mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Waliizamisha wenyewe mwaka 1916. Ikainuliwa mwaka 1924, ikaanza tena kazi mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Ina urefu wa zaidi ya mita 70. Chombo cha namna hiyo hakuna kafi la kukigeuza.

Hata hivyo, ndugu zangu, msilidharau kafi. Mota ya mtumbwi huelekezwa kwa mkono wake, nao huenda kinyume kama kana ya zamani. Mota ikizimika, maji hayasukumwi tena, na uongozi umekwisha. Kumbukeni pia kwamba Uvira iko mwisho wa kaskazini wa ziwa lenye urefu wa kilomita 670 hivi. Katika miezi ya kiangazi upepo wa kusi huyaleta mawimbi yaliyozaliwa mbali sana. Mtumbwi usioelekezwa huwageuzia mawimbi ubavu wake, na hapo ndipo hujaa maji. Wenye makafi mawili au matatu waweza kuushika uso wa mtumbwi uelekee mawimbi mpaka mota iwake, au mpaka msaada ufike. Lakini hata kafi halitamwokoa aliyejaza watu na mizigo mpaka maji yamebakiza vidole viwili kuingia.

Basi kabla hujapanda chombo Kalundu, usitazame mota tu, kwamba ni mpya. Tazama pia kama kafi limo ndani, na kama yuko anayejua kulitumia. Wana wa Maruta walijua mto unaelekea wapi kabla ya wageni kufika na vitabu vyao. Na kafi la babu zetu bado linajua kazi yake.