Ufa Huanzia Konani

Tarehe 8 Mei 1842, treni iliyojaa watu waliotoka kwenye sherehe za mfalme huko Versailles ilikuwa ikirudi Paris. Karibu na Meudon, ekseli ya injini ya mbele ilikatika. Mabehewa yalipandana, moto ukashika, na kwa kuwa milango ilikuwa imefungwa, abiria zaidi ya 50 waliangamia. Ekseli za reli zilikuwa zikikatika hivyo chini ya mizigo ya kawaida, na wengi waliamini kwamba mtikisiko hugeuza chuma chenye nyuzinyuzi kuwa chembechembe dhaifu.

Mwaka 1843 William Rankine, Mskoti kijana aliyekuwa bado na umri wa miaka 22 au 23, alichunguza ekseli zilizovunjika akaona jambo jingine. Ufa ulianzia pale kipenyo kinapobadilika ghafla, ukaingia ndani taratibu, hadi chuma kilichobaki kikashindwa kubeba mzigo. Akashauri kona hizo zichongwe kwa mviringo. Ushauri huo ulibeba hoja ambayo wahandisi wangeichimba kwa vizazi: uhai wa kipande cha chuma huamuliwa na umbo la mahali padogo, hata pale unene wake unapotosha.

August Wöhler, mhandisi wa reli za Prussia, aliipatia hoja hiyo tarakimu. Kuanzia miaka ya 1850 hadi 1870 alipinda, akavuta na kusokota vipande vya chuma hata mara mamilioni. Aligundua kwamba tofauti kati ya mkazo wa juu na wa chini huumiza chuma kuliko ukubwa wa mkazo wa juu peke yake, na kwamba kipo kiwango ambacho kisipovukwa, chuma hudumu bila kukatika. Mchoro unaolinganisha mkazo na idadi ya mizunguko bado unaitwa kwa jina lake. Mwaka 1903 James Ewing na J. C. W. Humfrey walionyesha kwa hadubini chanzo chenyewe: mistari myembamba ya mtelezo ndani ya fuwele za chuma, ikikolea hadi kuwa nyufa.

Hisabati nayo iliifikia kona. Mwaka 1898 Kirsch alikokotoa kwamba ukingoni mwa tundu la duara katika bamba pana linalovutwa, mkazo hufika mara 3 ya ule ulio mbali. Mwaka 1913 Charles Inglis akathibitisha kwamba kadiri ncha ya tundu inavyokuwa kali, ndivyo mkazo unavyopanda. Kwa hesabu hiyo mkato mkali sana ungevunja kila kitu, lakini majaribio yalikataa. Heinz Neuber, ambaye kitabu chake kuhusu mikazo ya mikato kilitoka Ujerumani mwaka 1937, alieleza sababu: chuma huitikia wastani wa mkazo katika umbali mdogo chini ya uso wake, si kilele cha nukta moja.

Hata hivyo mzigo si mmoja daima: shafti ya mashine hupindwa na kusokotwa kwa wakati mmoja. Mwaka 1935 Herbert Gough na H. V. Pollard, Waingereza, walionyesha kwamba mpaka wa usalama wa vyuma vingi chini ya mizigo hiyo miwili hufuata umbo la duaradufu. Kanuni hiyo inafaa mizigo inapopanda na kushuka pamoja. Mmoja ukifika kileleni huku wa pili ukiwa sifuri, mwelekeo wa mkazo mkuu huzunguka ndani ya chuma, na baadhi ya vyuma huchoka mapema zaidi. Watafiti waliofuata, Findley katika miaka ya 1950, Brown na Miller mwaka 1973, kisha Fatemi na Socie mwaka 1988, wakauliza: kati ya mabapa yote yanayopita katika nukta moja ya chuma, ufa utafuata lipi? Wote walilitafuta bapa la hatari, ambalo juu yake tabaka za chuma huteleza kwenda na kurudi, huku mvuto ukizitenganisha.

Gharama ya kuipuuza kona ilionekana tena tarehe 27 Machi 1980 katika Bahari ya Kaskazini, jukwaa la baharini la Alexander L. Kielland lilipopinduka na kuua watu 123. Ufa ulifuatiliwa hadi kwenye weldi ya milimita 6 iliyoshikilia kishikizo cha kifaa cha kusikiliza sauti majini. Kishikizo hicho hakikubeba jukwaa, lakini kilichomelewa kwenye boriti iliyolibeba.

Katika karne hii watafiti Luca Susmel na David Taylor wameunganisha njia zote mbili, bapa la hatari na umbali mdogo chini ya mkato, na kompyuta hufanya hesabu ambazo Wöhler asingeweza kuzimaliza. Hata hivyo hesabu hizo hutegemea sifa za chuma zinazopatikana kwa kukichosha hadi kikatike. Kwa hiyo anayechora, anayechonga na anayechomelea wana wajibu mmoja: kona ipewe mviringo, weldi ndogo ikaguliwe sawa na kubwa, na makadirio yapimwe kwenye meza ya majaribio kabla kipande hakijabeba watu.