Askari Magereza na Mafao ya Kuumia Kazini: Mtazamo kutoka Tanga

Kazi ya askari magereza huanza na kuishia kwenye kuhesabu. Wafungwa na mahabusu huhesabiwa kabla mabweni hayajafunguliwa asubuhi, huhesabiwa wanapotoka kwenda shambani au mahakamani, na huhesabiwa tena wanaporudi. Zamu haikabidhiwi mpaka idadi ya waliomo ilingane na ya kitabuni. Mkoani Tanga kazi hii hufanyika katika Gereza Kuu la Maweni jijini, Kwamngumi wilayani Korogwe na magereza mengine ya wilaya. Kisichopata umakini wa namna hiyo ni madhara ambayo kazi yenyewe humwachia askari mwilini na akilini, na pengo hilo ndilo limeyafanya mafao yake kuwa rahisi kupunguzwa.

Madhara ya wazi yanajulikana. Askari hupigwa anapoamua ugomvi, au hujeruhiwa akiongoza wafungwa kwenye kazi za nje, ambako mtu mmoja mwenye bunduki hulinda watu kadhaa walioshika majembe na mapanga. Lakini sehemu kubwa ya maumivu ya kazi hii huja polepole. Anayefungua mlango wa bweni alfajiri hupokewa na hewa ya watu waliolala wamebanana usiku kucha, na katika joto la Pwani hewa hiyo ni nzito na yenye unyevunyevu. Shirika la Afya Duniani limeonyesha kwa miaka mingi kwamba kifua kikuu huenea magerezani mara 10 hivi zaidi kuliko katika jamii ya kawaida. Vijidudu vyake havibagui sare. Juu ya hayo kuna malindo ya usiku yanayovuruga usingizi na hofu isiyotulia, kwa kuwa mfungwa akitoroka, askari aliyekuwa zamu ndiye wa kwanza kutakiwa kujieleza.

Fikra ya fidia nchini haikujengwa juu ya madhara ya aina hii. Ilijengwa juu ya ajali, na Tanga inaifahamu ajali vizuri. Mkonge ulioletwa na Richard Hindorf mwaka 1893 ulizaa mashamba makubwa kutoka Pangani hadi Korogwe, na kila shamba lilikuwa na korona, mtambo wa kuchakata majani uliokuwa hatari kwa vidole na mikono ya walioulisha. Sheria ya fidia ya mwaka 1949 ililingana na mazingira hayo: kiungo kilichokatika kilipewa asilimia yake, na asilimia ikageuzwa fedha. Swali la kuthibitisha halikuwa gumu, kwani mkono uliokatwa na mashine unaonekana na siku yake inajulikana.

Sheria hiyo inafundisha jambo jingine ambalo lapaswa kuwatia wasiwasi watumishi wote. Viwango vyake viliachwa palepale wakati shilingi ikiporomoka, hata ikafika hali ambapo malipo ya juu kabisa kwa ulemavu wa kudumu yalikuwa Sh 108,000, na kwa kifo Sh 83,000. Hapakuwa na waziri aliyesimama bungeni kutangaza kwamba fidia imefutwa. Ilimalizwa na miaka. Sheria Na. 20 ya mwaka 2008 ndiyo iliyobadili utaratibu kwa kuanzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015 na kuleta pensheni inayofuata mshahara badala ya kiwango kilichoganda.

Kwa askari magereza, upunguzaji wa karibuni umepitia mlango wa pensheni. Mwaka 1999 Mfuko wa PSPF ulianzishwa kwa watumishi wa umma, na mwaka 2018 uliunganishwa na mingine mitatu kuwa PSSSF. Kikokotoo cha zamani kilizidisha mshahara wa mwaka kwa miezi ya utumishi na kugawanya kwa 540, kikatoa nusu ya pensheni kwa mkupuo na kuizidisha mara 15.5. Kipya kilichoanza Julai 2022 kiligawanya kwa 580, kikatoa asilimia 33 na kuzidisha mara 12.5. Kwa askari aliyetumikia miezi 360 na ambaye wastani wa mshahara wake ni Sh 1,000,000 kwa mwezi, hesabu ya kwanza inampa mkupuo wa Sh milioni 62. Hesabu ya pili inampa Sh milioni 30.7. Mwaka 2024 serikali ilipandisha sehemu ya mkupuo hadi asilimia 40 kwa waliokuwa kwenye nusu, na askari huyo akafikia takriban milioni 37.2. Ni haki kusema pia kwamba pensheni yake ya kila mwezi imepanda, kutoka Sh 333,000 hivi hadi 372,000.

Ongezeko hilo la kila mwezi lina faida kwa atakayeishi muda mrefu akiwa na afya. Kwa aliyeumia halina uzito huo. Pensheni huhesabiwa kwa miezi ya utumishi. Askari anayestaafishwa kwa maradhi baada ya miezi 180 hubeba nusu ya hesabu ya mwenzake, ingawa kilichomkatisha ni kazi ileile. Anapunguziwa kwa kuugua, kisha anapunguziwa tena kwa kuondoka mapema. Zaidi ya hapo, askari wengi huishi kota, na kota ni ya kazi. Siku sare inaporudishwa stoo, nyumba nayo hurudishwa, na mkupuo ndio kiwanja na matofali ya familia. Shida ya makazi yenyewe inatambuliwa na serikali: mwaka 2016 Rais Magufuli alitoa Sh bilioni 10 kwa ajili ya nyumba za askari wa Gereza la Ukonga.

Hoja ya wanaotetea kikokotoo ni kwamba mfuko ulikuwa ukielemewa. Kuelemewa kulikuwapo, lakini chanzo chake kikubwa hakikuwa wastaafu kupokea kupita kiasi. Mfuko ulibebeshwa pensheni za watumishi wa kabla ya 1999 ambao hawakuwahi kuchangia, na deni hilo serikali ililikubali ilipotoa hatifungani maalumu ya takriban Sh trilioni 2.17. Kumkata askari ili kuziba pengo la mwajiri ni kumtoza gharama isiyo yake.

Askari huyo hana pa kulisemea hilo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaitoa Magereza nje, pamoja na Jeshi la Wananchi, Polisi na Jeshi la Kujenga Taifa. Haki za vyama na majadiliano ya pamoja zilizomo hazimfikii. Mkataba Na. 87 wa Shirika la Kazi Duniani, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2000, unaruhusu kuwekwa kando kwa majeshi ya ulinzi na polisi, na wataalamu wa shirika hilo wameshikilia kwamba watumishi wa magereza hawamo katika ruhusa hiyo. Kenya ilionja matokeo ya ukimya wa lazima Aprili 2008, askari jela wa magereza kadhaa walipogoma kwa ajili ya posho na makazi, na serikali ikalazimika kuunda kamati chini ya Marsden Madoka.

Marekebisho yanayohitajika si ya ajabu. Orodha ya magonjwa ya kazi ya Shirika la Kazi Duniani, katika toleo la 2010, ina kifua kikuu na pia msongo unaofuata tukio la kutisha. Kwa askari magereza, magonjwa hayo yachukuliwe kuwa yametokana na kazi mpaka mwajiri athibitishe vinginevyo, kwa sababu hakuna askari anayeweza kutaja asubuhi aliyoambukizwa. Kanuni ya 74 ya Kanuni za Mandela za Umoja wa Mataifa za mwaka 2015 inataka masharti ya ajira yaliyo mazuri kwa kuzingatia ugumu wa kazi hii. Tafsiri yake ya kihesabu ni kumwongezea anayestaafishwa kwa maradhi ya kazi miezi aliyonyimwa, na kumwachia kota mpaka mkupuo umfikie. Vipimo vya kifua na vya afya ya akili wakati wa kuajiriwa, kisha kila mwaka, vikihifadhiwa katika zahanati ya gereza, vitampa ushahidi ambao leo analazimika kuutafuta akiwa tayari mgonjwa.