Mfano au Mifano?

Mwaka 2020 watunzaji wa kurasa za mwongozo wa Linux walipita ukurasa baada ya ukurasa wakibadili kichwa kimoja tu: palipoandikwa, kwa Kiingereza, "Mfano" wakaweka "Mifano". Hakuna amri hata moja ya kompyuta iliyoguswa. Naiheshimu sana kazi hiyo. Mwenye kufungua mwongozo huwa ana shida mkononi. Hupitisha macho kwenye vichwa mpaka akione anachokitaka. Katika kurasa hizo, Jina, Muhtasari na Maelezo havijahama tangu mwongozo wa kwanza wa Unix, mfumo uliotangulia Linux, wa 1971, na aliyezoea ukurasa mmoja hapotei katika mwingine.

Waandishi wa Kiswahili tumelelewa vingine. Insha iliyosifiwa shuleni ni ile isiyorudia neno: leo sehemu, kesho kipengele, keshokutwa kifungu. Kwenye mwongozo wa programu ufundi huo ni mtego, kwa kuwa msomaji akikuta majina mawili ana haki ya kudhani ni vitu viwili.

Kinyume chake ni kibaya zaidi: vitu viwili, jina moja. Chukua Mulongo, kando ya mto Lualaba, katika jimbo la Haut-Lomami, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Nchi hiyo hukusanya takwimu za afya kwa DHIS2, programu inayoendelezwa chini ya Chuo Kikuu cha Oslo, na humo nchi imepangwa kwa ngazi: jimbo, zone de santé, aire de santé, kisha kituo. Mulongo ni zone, na ndani yake mna aires kadhaa. Kiswahili kinaruhusu kuziita zote mbili "eneo la afya". Basi katika mwongozo wa Kiswahili wa programu hiyo, chini ya kichwa "Kuchagua eneo", anayetafuta jumla ya wagonjwa wa malaria wa mwezi achague ngazi ipi? Anaweza kusoma hesabu ya aire moja akaipeleka Kamina, makao makuu ya jimbo, kama ya zone nzima.

Mimi ningeiita ngazi ya juu "zoni", na "eneo" ningeliachia aire peke yake, kuanzia yaliyomo hadi ukurasa wa mwisho. Vichwa vya kazi navyo vishike umbo moja: Kuchagua zoni, Kuingiza takwimu, Kuhakiki ripoti, isiwe "Kuingiza" hapa na "Uingizaji" pale. Hiyo ku- naipenda kwa sababu humwonyesha mtu kazi inayomngoja. Na toleo jipya likija na kitufe kikabadilishwa jina, kila kichwa kinachokitaja kibadilishwe siku hiyo hiyo.