Safari ya Kwenda Wodini Huanzia Kidato cha Pili: Namna Vyuo Vikuu Vinavyoweza Kuwafikia Vijana wa Kila Hali

Katikati ya kila mwaka, karibu na wakati ambao matokeo ya kidato cha sita hutangazwa, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) huandaa maonesho ya elimu ya juu, ambayo kwa miaka mingi yamefanyika katika viwanja vya Mnazi Mmoja jijini Dar es Salaam. Katika mabanda ya vyuo vinavyofundisha sayansi za afya, swali linalotarajiwa ni lile lile: nifanye nini niwe daktari, muuguzi au mfamasia? Wahusika hujibu kwa ufasaha na kugawa vipeperushi. Hata hivyo, kwa baadhi ya waulizaji jibu huwa limechelewa kwa miaka minne, kwa kuwa uamuzi uliohitajika ulifanyika kijijini kwao walipokuwa na umri wa miaka 14 au 15, wala hakuna aliyewaeleza uzito wake.

Kwa muda mrefu utaratibu wa sekondari nchini umekuwa hivi: Biolojia husomwa na wote hadi kidato cha nne, lakini Fizikia na Kemia ni za lazima katika kidato cha kwanza na cha pili tu. Anapoingia kidato cha tatu mwanafunzi anaweza kuyaacha masomo hayo. Shule ikiwa haina mwalimu wa Fizikia au maabara, wengi huyaacha, na wasichana mara nyingi hushauriwa kufanya hivyo kwa maneno ya upole kwamba masomo hayo ni magumu. Anayeacha Fizikia hapo amejifungia njia ya udaktari wa binadamu, kwani shahada hiyo huhitaji ufaulu wa Fizikia, Kemia na Biolojia katika kidato cha sita, yaani tahasusi ya PCB. Hata ngazi ya stashahada ya utabibu huhitaji masomo hayo matatu katika cheti cha kidato cha nne.

Kwa sababu hiyo, kazi ya vyuo vikuu ya kuwahamasisha vijana ina maana kubwa zaidi inapofanyika mapema, na mbali na lami.

Nchi hii inaelewa vema gharama ya kukosa wataalamu. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, idadi inayotajwa ya madaktari wazalendo ni 12 tu. Mwaka 1963 ilianzishwa shule ya udaktari jijini Dar es Salaam, ambayo baada ya hatua kadhaa ilikuja kuwa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS) mwaka 2007. Leo madaktari hufundishwa pia Moshi, Mwanza, Dodoma, Mbeya, Ifakara na Zanzibar. Nafasi za masomo zimeongezeka mno kuliko ilivyokuwa kwa kizazi cha uhuru. Swali lililobaki ni nani anazijaza nafasi hizo, kwa maana mwanafunzi aliyesoma katika shule yenye maabara kamili mjini hana safari sawa na mtoto wa mfugaji aliyejifunza elimu ya msingi kwa Kiswahili, kisha akakutana na istilahi zote za sayansi kwa Kiingereza ndani ya mwaka mmoja.

Suala hili linagusa haki ya kijana, na linagusa pia mgonjwa. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2010 kuhusu upatikanaji wa watumishi wa afya vijijini, uliohuishwa mwaka 2021, linapendekeza vyuo vidahili wanafunzi waliotoka vijijini, vyuo vyenyewe vijengwe nje ya miji mikuu, na wanafunzi wapate mafunzo kwa vitendo katika maeneo hayo. Msingi wa pendekezo hilo ni ushahidi kutoka nchi mbalimbali kwamba aliyekulia kijijini ana uwezekano mkubwa zaidi wa kurudi na kudumu huko. Halmashauri zilizo pembezoni zinalijua jambo hili bila kusoma mwongozo: mtumishi hupangiwa zahanati, huripoti, na baada ya muda barua ya kuomba uhamisho hufika mezani.

Afrika Kusini kuna mfano unaostahili kutazamwa kwa makini. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Hospitali ya Mosvold iliyopo Ingwavuma, kaskazini mwa jimbo la KwaZulu-Natal, ilikuwa ikishindwa kupata madaktari wa kukaa. Badala ya kuendelea kuwasubiri wageni, ulianzishwa mpango wa kuwatafuta vijana wa eneo lile lile. Mwanafunzi wa sekondari alialikwa hospitalini kuona kazi zinavyofanyika, akajitolea huko kwa siku kadhaa, kisha akahojiwa mbele ya jopo lililojumuisha watu wa jamii yake. Aliyechaguliwa alilipiwa masomo, akapewa mlezi wa kumfuatilia chuoni, naye akaahidi kutumikia nyumbani mwaka mmoja kwa kila mwaka aliofadhiliwa. Mpango huo ulikua na kuwa taasisi ya Umthombo. Ikumbukwe kwamba fedha peke yake hazikutosha: mlezi wa kumuuliza mwanafunzi hali yake kabla ya mtihani alihesabiwa kuwa sehemu ya ufadhili.

Nchini Japani, Chuo Kikuu cha Tiba cha Jichi kilianzishwa mwaka 1972 kwa lengo linalofanana: kila jimbo hupata wanafunzi wake, nao baada ya kuhitimu hurudi kutumikia kwao kwa kipindi kilichokubaliwa.

Kwa mazingira yetu, mambo mengi yanawezekana bila bajeti kubwa. Ziara ya siku moja yenye hotuba ndefu na picha ya pamoja huacha kidogo nyuma yake. Chenye manufaa zaidi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa uuguzi anayerudi likizo katika sekondari ya kata aliyosoma, akakaa na kidato cha pili, akaeleza kwa Kiswahili chepesi alivyopata alama yake ya Kemia na mara ngapi alitaka kuacha. Hospitali ya wilaya inaweza kuwapokea wanafunzi kwa siku chache waone maabara, chumba cha mionzi na duka la dawa, kwa kuzingatia faragha ya wagonjwa. Huko kijana hugundua kwamba hospitali haiendeshwi na madaktari pekee. Wapo wateknolojia wa maabara, wataalamu wa mionzi, wafiziotherapia, maafisa afya mazingira na wauguzi wakunga, na kila taaluma ina mlango wake.

Milango hiyo ndiyo sehemu ambayo wazazi wengi hawaifahamu. Tahasusi ya CBG, yenye Jiografia badala ya Fizikia, haimpeleki mtu kwenye udaktari wa binadamu, lakini inaweza kumfikisha kwenye shahada ya uuguzi. Mwanafunzi aliyekosa kidato cha tano anaweza kuanza na stashahada ya utabibu, na akihitimu kwa wastani wa B au GPA ya 3.0, akiwa pia na masomo yanayotakiwa katika cheti cha kidato cha nne, anaruhusiwa kuomba shahada ya udaktari. Ni njia ndefu kwa miaka, ila anayeipita huingia chuo kikuu akiwa amekwisha kushika mkono wa mgonjwa. Shahada yenyewe huchukua miaka mitano, ikifuatiwa na mwaka mmoja wa utarajali.

Kuhusu gharama, ada ya kidato cha tano na cha sita katika shule za Serikali iliondolewa kuanzia mwaka 2022/2023, na mwaka huo huo ulianza Ufadhili wa Samia kwa wanaofanya vizuri zaidi katika masomo ya sayansi, elimu ya tiba ikiwemo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) hutoa mikopo kwa wahitaji wa shahada, na tangu 2023/2024 kwa baadhi ya fani za stashahada, zikiwemo za afya. Yatima, wenye ulemavu na waliotoka katika kaya zinazonufaika na TASAF ni miongoni mwa wanaozingatiwa. Aidha, mradi wa SEQUIP umejenga shule za sekondari za wasichana za sayansi mikoani, ambazo ni mahali pa kwanza pa vyuo vikuu kupeleka wahamasishaji wao.

Kwa utekelezaji, mwanafunzi wa kidato cha nne ajaze fomu ya uchaguzi wa tahasusi akijua kozi anayoilenga. Matokeo yakitoka, Ofisi ya Rais – TAMISEMI hutoa kipindi cha kurekebisha machaguo kwa njia ya mtandao, nacho ni kifupi. Maombi ya shahada huwasilishwa moja kwa moja chuoni tangu mwaka wa masomo 2017/2018. Maombi ya cheti na stashahada za afya Tanzania Bara hupitia mfumo wa pamoja wa NACTVET. Hakuna haja ya kumlipa mtu wa kati katika hatua yoyote. Waombaji wa mkopo wa Tanzania Bara huhitaji vyeti vya kuzaliwa vilivyohakikiwa na RITA, na aliyefiwa na mzazi huhitaji pia cheti cha kifo kilichohakikiwa. Uhakiki huo huchukua muda, hivyo familia inaweza kuuanza kabla matokeo hayajatangazwa.