Nani Humhesabu Msomaji wa Nakivale?

Tunapojadili hali ya Kiswahili nchini Uganda, swali moja halikosekani: wasomaji ni wangapi? Tangu simu za mkononi zienee, swali hili limekuwa likijibiwa na seva. Msomaji anapofungua ukurasa, simu yake hutuma ombi. Seva huandika saa, jina la ukurasa na anwani ya intaneti ombi lilikotoka. Kumbukumbu hizo ndizo zinazozaa takwimu.

Hata hivyo, historia inaonyesha kuwa kumbukumbu hizo zina mapengo. Wikipedia ya Kiswahili ilianzishwa mwaka 2003. Hesabu za wazi za usomaji wa Wikipedia zilianza Desemba 2007, lakini hazikujumuisha tovuti ya simu. Tovuti hiyo iliingizwa mwaka 2014. Mwaka 2015 ukaja utaratibu uliochuja maombi ya roboti. Kwa miaka kadhaa, basi, aliyesoma kwa simu hakuonekana katika majedwali hayo.

Tuchukue mfano wa Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyoanzishwa mwaka 1958, kusini-mashariki mwa Mbarara, katika wilaya ya sasa ya Isingiro. Humo Kiswahili huwaunganisha Wakongo, Warundi na wengineo. Anayetumia Opera Mini, iliyoenea duniani kuanzia 2006, ombi lake hupitia kwanza seva za kampuni hiyo. Tovuti isiposoma maelezo yanayotaja anwani ya awali, msomaji wa Isingiro huhesabiwa kuwa yuko nchi nyingine. Vivyo hivyo kwa VPN, ambazo Waganda wengi walizikimbilia mwaka 2018 ilipoanza kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku. Aidha, simu moja ikisomwa na watu watano, ombi hubaki moja.

Jambo hili si dogo. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Atakayepanga vitabu na walimu kwa kutazama takwimu za seva pekee atadhani kusini-magharibi hakuna wasomaji. Lakini pia tusidai kila kitu kiandikwe: kwa mtu aliyekimbia vita, anwani iliyohifadhiwa inaweza kumfichua.

Tunapendekeza, basi, wanafunzi wetu watakaotafiti usomaji wazisome takwimu hizo kwa tahadhari, kisha wafunge safari hadi Mbarara na Nakivale wakawaulize wasomaji wenyewe, kwa ridhaa yao. Seva huhesabu maombi. Watu huhesabiwa na watu.